Kidole cha Mama Mkwe

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, au jirani aliliazima akalifungia sabuni, nitakurudisha nyuma kidogo tu. Wenye kujua yote wanivumilie.

Mimi ndiye niliyeajiriwa ukarani wa msimu, kuandikisha wakulima ili serikali iwape fedha za ruzuku, wanunue mbegu na mbolea kabla ya mvua. Kila mkulima alibandika kidole gumba kwenye mashine. Ikiwaka kijani, kidole kimesomeka, umeandikwa. Ikiwaka nyekundu, rudi nyumbani na shida zako.

Tatizo ni kwamba jembe hula ngozi. Mtu aliyelima maisha yake yote, kidole chake kimesagika kama sarafu ya zamani, na mashine inakitazama bila kukiona. Tuliwaosha wazee kwa maji ya uvuguvugu, tukawapaka mafuta, wapi! Mwishowe sisi makarani tukabuni dawa yetu, tukaiita kuazima kidole. Mzee akikataliwa, karani anambandikia chake. Siku ya malipo karani anaongozana naye hadi kwa wakala, anabonyeza yeye, mzee anapokea fedha zake mkononi. Foleni inasonga, mzee anacheka, na bosi hana maneno. Hatukuona wizi hapo, na kwa kweli haukuwepo, mpaka nilipoutia mimi.

Wenzangu waliwaazima wengi. Mimi nilimwazima mmoja tu, mama mkwe wangu. Nilimwambia aitazame kamera, na yeye alipokuwa anatengeneza tabasamu nikabandika gumba langu la kushoto. Mashine ikawaka kijani.

"Kumbe serikali inanijua!" alisema, akapiga makofi kwa furaha. Tangu siku hiyo kila mgeni akija huonyeshwa kidole.

Fedha zilipoingia, nilichukua kadi yake ya ruzuku nikaenda kwa wakala peke yangu, na naapa nilitoka nyumbani na nia njema. Mvua ilikuwa inanyesha, nikavaa koti la njano la wifi yangu, dada wa mume wangu. Lakini wakala ndiye huyo huyo anayeuza mbolea, na mimi nilikuwa na kishamba cha nyanya nilichokodi kwa siri, nyanya zenyewe zimeanza kupauka. Nikajiambia nakopa tu, zikiiva narudisha. Zilipoanza kuiva ikaja mvua ya mawe, ikaziponda zote.

Mama akauliza fedha zake. Nikamwambia hazijaingia. Akaenda mwenyewe kwa wakala, naye akamwambia zilikwisha kuchukuliwa na mwanamke mwenye koti la njano. Wifi alifukuzwa nyumbani siku hiyo hiyo, akaenda kujibanza kwa rafiki yake fundi cherehani. Mimi nilikuwepo. Niliona anavyotupiwa godoro nje, nikanyamaza.

Hapo ndipo tulipofika.

Asubuhi ya ukaguzi mama mkwe aliniita kutoka uani.

"Mkwe wangu! Umeshaamka?"

"Nimeamka, mama."

"Leo ndiyo leo, asemaye kesho mwongo."

Wakaguzi walikuwa wametumwa kutoka makao makuu. Wangekaa kwenye ghala la ushirika na mashine yao, wampime kila aliyelalamika kwamba ruzuku yake imeliwa. Mlaji akipatikana, atalala kituoni.

"Wifi yako ataumbuka leo," mama alisema, akaketi kwenye kigoda. Sauti yake haikuwa na furaha hata chembe. "Mtoto nimemzaa mwenyewe, nimemnyonyesha. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako."

Kikulacho chenyewe kilikuwa jikoni kinamchemshia chai.

Nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu. Mama atabandika kidole, mashine itawaka nyekundu kama zamani, mkaguzi atasema ni wale wale wa vidole vilivyosagika, na kesi itakufa. Hatari moja tu: wakitaka kuwapima na makarani. Gumba langu la kushoto ndilo lililokuwa na siri yote, na gumba huwezi kuliacha nyumbani.

Mama alipoingia kuoga, niliinua kifuniko cha sufuria, nikaangalia maji yanavyotokota. Kisha nikaweka gumba ubavuni mwa sufuria, nikabonyeza kama ninavyobonyeza mashine.

Nilidhani nimeuma midomo vya kutosha. Kumbe nilipiga ukelele, na aliyekuja mbio hakuwa mama.

"Wifi! Una nini?"

Wifi yangu alikuwa amepita mlango wa nyuma kuchukua nguo zake zilizobaki, kabla mama hajamwona. Akatupa furushi chini, akanivuta mkono hadi kwenye ndoo ya maji baridi. Alinishikilia hivyo huku namwaga machozi, akinibembeleza kama mtoto aliyeanguka.

"Umefanyaje?"

"Mpini wa sufuria ulikuwa wa moto."

Akaitazama sufuria. Akanitazama mimi. Sufuria ile haijawahi kuwa na mpini.

Alifungua furushi, akatoa kitambaa chake cheupe cha kichwani, kile anachokivaa siku za maana tu, akachana kipande. Akanifunga kidole taratibu, asinibane.

"Wifi," aliniuliza akiwa ameinama, "wewe unaamini mimi ni mwizi?"

"Siamini."

"Basi ni wewe peke yako katika nyumba hii."

Ningesema wakati ule, mambo yangekwisha jikoni. Tulikuwa wawili tu. Mdomo niliufungua kabisa. Kisha nikasikia mama anatoka kuoga, na wifi akachukua furushi lake akapita mlango wa nyuma kama paka wa watu.

Ghala la ushirika lilikuwa limefagiliwa kwa ajili ya wageni, lakini vumbi la magunia halifagiliki. Watu wamekaa kwenye mabenchi wanakohoa. Mbele kuna meza, na kwenye meza kuna mashine nyeusi ambayo niliifahamu vizuri kuliko nilivyotaka. Askari wawili walisimama mlangoni.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani, sauti ya chini. Watu wa sauti ya chini mimi huwaogopa. Pembeni yake alikaa wakala, yule tunayemwita Chenji-Kesho kwa sababu tangu afungue duka hajawahi kuwa na chenji leo. Wifi alikaa benchi la mwisho, na watu walimwachia nafasi kubwa kana kwamba ana upele.

Wa kwanza kuitwa alikuwa mzee mmoja mfuga nyuki. Akabandika kidole, nyekundu.

"Karani alikuazima kidole, baba?" Mkaguzi alimuuliza.

Mzee akajikuna kichwa. "Ndiyo, mwanangu. Nisiseme uongo."

"Na fedha ulipata?"

"Zote. Alinikabidhi palepale. Ila nasikia kaka yangu hakupata, ndiyo nikaja na mimi, nisije nikapitwa."

Ghala zima likacheka. Hata Mkaguzi alitabasamu. "Karani wako alikosea, lakini hakuiba. Tutakuandika upya kwa njia nyingine. Nenda salama."

Basi. Imekwisha. Wenzangu wote walioazima vidole wakapumua, wakaanza kunong'onezana na kuchekana. Mimi nilikaa palepale. Kumbe kuazima kulikuwa kunasameheka. Kama nisingegusa fedha za mama, siku ile ningekuwa nacheka nao.

"Mama, njoo wewe."

Mama mkwe alisimama, akajifunga vizuri, akafuta kidole kwenye nguo. Alitembea kwenda mezani kama anayekwenda kupokea zawadi. Nami nikatazama ile taa, nikaiomba iwake nyekundu. Sijawahi kuomba kitu kwa moyo wote namna ile, hata watoto sikuomba hivyo.

Ikawaka kijani.

"Si nilisema!" Mama akageukia watu, kidole juu. "Serikali inanijua!"

Watu wakampigia makofi. Mkaguzi hakupiga. Alivaa miwani, akaisogelea mashine.

"Kinasomeka vizuri sana, mama. Lakini si hiki kilichoandikishwa."

"Una maana gani?"

"Jina ni lako, picha ni yako. Kidole ni cha mtu mwingine." Akamshika mkono, akaugeuza kiganja juu. "Mama, tangu lini hujashika jembe?"

"Nilime nini, mwanangu? Sina mbegu, sina mbolea. Kijana wangu yuko safarini na lori. Msimu mzima nimekaa, mikono mapajani, natazama magugu."

"Ndiyo maana. Ngozi ikipumzika, alama hurudi. Nimewaona wengi walioumwa, wakalala kitandani muda mrefu, wakaja kusomeka."

Wasomaji, nilihisi benchi linazama na mimi. Nilikuwa nimefikiria kila kitu, isipokuwa hilo. Mimi ndiye niliyemkalisha mama msimu mzima bila kazi. Shamba lake halikulimwa kwa sababu yangu, mikono yake ikapumzika kwa sababu yangu, na kidole kikarudi kuja kunisema. Niliona aibu mpaka sikujua niangalie wapi, maana kila nilipoangalia kulikuwa na mtu ninayemdanganya.

"Kidole kilichoandikishwa ndicho kilichochukua fedha," Mkaguzi aliendelea. "Nani alikuandikisha?"

"Mkwe wangu, yule pale." Mama alinionyesha kwa fahari. "Simama mwanangu wakuone."

Nikasimama. Kitambaa cheupe kiling'aa kama bendera.

"Kidole kimefanya nini?"

"Kimeungua."

"Lini?"

"Leo asubuhi. Jikoni."

Mkaguzi aliniashiria nisogee. Lakini Chenji-Kesho hakumpa nafasi. Yeye ndiye aliyetoa fedha za watu bila kuangalia uso, na alijua fika kwamba mwizi asipopatikana, mwizi atakuwa yeye.

"Tunapoteza muda, mheshimiwa! Niliona kwa macho yangu. Koti la njano. Hapa wote wanajua koti lile ni la nani."

Wifi aliitwa. Akabonyeza vidole vyote kumi, kimoja kimoja, bila kuambiwa. Hakuna hata kimoja kilicholingana na kile kilichoandikishwa.

"Hakubonyeza yeye," Mkaguzi alisema.

"Basi alikuja na mwenzake!" Chenji-Kesho alidakia. "Duka lilikuwa limejaa. Mmoja anavaa koti, mwingine anabonyeza. Hao huenda wawili wawili."

Mkaguzi alivua miwani, akasugua macho. Alionekana amechoka. "Shahidi amemtaja, na anasema yuko tayari kuapa. Tutakwenda naye kituoni, atueleze mwenzake ni nani."

Askari mmoja alisogea. Wifi hakulia. Alimgeukia mama yake.

"Mama, hata vidole vyangu vimekataa. Bado ni mimi tu?"

Mama mkwe aligeuza uso ukutani. Niliona mabega yake yanatetemeka.

Hapo nilishindwa. Msinisifu, haikuwa ushujaa. Mtu akibanwa na tapishi haulizi yuko wapi.

"Ni mimi!"

Ghala lilinyamaza hadi kikohozi kikakoma.

"Ni mimi niliyechukua. Mama alikataliwa na mashine, nikamwekea gumba langu. Fedha nilizichukua mimi. Koti niliazima, mvua ilikuwa inanyesha. Nilinunua mbolea ya nyanya zangu. Wifi yangu hajui lolote."

Niliposema hivyo nilijisikia mwepesi. Nilinyoosha mikono kwa askari, nikangoja wanifunge.

"Gumba gani?" Mkaguzi aliuliza.

"Hili."

"Lifungue."

Nikafungua kitambaa. Ngozi ilikuwa imevimba lengelenge kubwa, jeupe. Aliyekuwa karibu akasema, "Maskini!" Nikabandika kwenye mashine, maumivu yakanipanda hadi kwapani. Nyekundu. Nikabonyeza tena, lengelenge likapasuka. Nyekundu.

"Vidole vingine?"

Vingine tisa vilisomeka vizuri, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na habari na mama mkwe.

"Mheshimiwa, nilikiunguza kwa makusudi! Nilitaka msinijue!"

Mkaguzi aliegemea kiti. "Dada, kila ghala ninaloingia kuna mtu anakiri kwa niaba ya ndugu yake. Wiki hii baba mtu mzima amekiri kwa ajili ya mwanawe, tukapima, kumbe hata dukani hajawahi kufika. Mimi siandiki machozi. Naandika kidole."

"Anasema kweli," wifi alisema kwa sauti kavu. "Siku ile koti alilivaa yeye. Nilimngoja aseme mwenyewe."

"Umemsikia!" Mama mkwe aligeuka kutoka ukutani kama aliyemwagiwa maji. "Umemsikia anavyomsukumia mwenzake! Mtoto wa watu amejitolea kufungwa kwa ajili yako, nawe unamkandamiza!"

"Mama, ni kweli," nilisema. "Ni kweli tupu."

"Nyamaza, mwanangu. Huo moyo wako utakuponza." Akanikumbatia mbele ya watu wote, na machozi yake yakanilowanisha shingo. "Tazameni jamani! Wa damu ameniibia, wa kuletewa ndiye mwenye uchungu na mimi."

Wanawake wa mabenchi ya mbele wakaanza kufuta macho. Mmoja akasema wakwe wa siku hizi hawako hivyo tena. Nikajaribu kujitoa kwenye mikono ya mama, akanikaza zaidi.

"Nipeleke mimi," nilimwambia Mkaguzi juu ya bega la mama. "Nakuomba."

"Kidole kipone kwanza. Ngozi ikirudi, njoo ubonyeze. Ukiwa ni wewe, mashine itasema yenyewe, na huyu atatoka siku hiyo hiyo."

"Na mpaka hapo?"

"Mpaka hapo tuko naye."

Walimpitisha wifi katikati yetu. Alipofika kwangu alisimama, askari akamwachia kidogo. Nilingoja matusi, na ningeyapokea kwa mikono miwili. Aliinama, akaokota kile kipande cha kitambaa nilichokuwa nimekidondosha, akanipa.

"Kitunze, wifi," alisema. "Usikitie maji machafu. Kikioza, mimi nimekwisha."

Gari lao liliwaka nje. Mama mkwe hakwenda kulitazama. Alikaa chini benchini, akauweka mkono wangu mapajani mwake, akaanza kukifunga kidole upya kwa kile kitambaa cha binti yake.

"Kuanzia leo hushiki sufuria wala ufagio," alisema. "Kazi zote ni zangu. Kesho nikiamka natafuta kibarua cha kulima kwa watu, nikununulie dawa nzuri ya duka."

"Mama, usishike jembe. Nakusihi."

"Kwa nini nisishike? Mtoto wangu aliyebaki ni wewe."

Akafunga fundo, akalikaza kwa meno. Kisha akainua kidole changu hadi mdomoni, akaanza kukipuliza taratibu.

"Bado kinauma?"